Upande Usio na Rangi

Katika nyumba nyingi, mwanamume akijifulia nguo zake za ndani, mkewe atatamba kwa majirani mpaka wamchoke. Katika nyumba hii ya madobi mambo yalikuwa tofauti. Nguo za wateja zilifuliwa siku zote za kazi, na nguo za familia zilikuwa na siku yake, zote katika beseni moja la bati, na aliyezifua ni mama mwenye nyumba, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Dobi. Shuka, soksi, magauni, chupi, vyote vilipita mikononi mwake, na hakuna aliyeona haya. Watu wanaokula kwa uchafu wa wengine hawana muda wa kuoneana haya wenyewe kwa wenyewe.

Kwa hiyo asubuhi ile Mama Dobi alipomkuta mwanawe nyuma ya nyumba, amechuchumaa mbele ya ndoo ndogo, anafikicha chupi yake kwa sabuni ya mche, hakumuuliza kitu. Alirudi ndani akaketi kitandani.

Wanawe walikuwa wawili, kifo kikamwachia mmoja. Aliyebaki ni Pasi, aliyeitwa hivyo kwa sababu tangu ujanani hakuna aliyemfikia kwa kunyoosha kola. Aliyekufa ni kaka yake, Mluzi, aliyekuwa akifua huku anapiga mluzi toka ndoo ya kwanza hadi ya mwisho, mpaka wateja wakawa wanajua kama nguo zao ziko majini au zimeshaanikwa. Mluzi alifia chumba cha mbele, nyuma ya pazia la kijani, mwaka daraja la mto lilipovunjika. Kitanda chake kilikuwa bado kipo palepale. Hakuna aliyelala juu yake. Walipanga hapo nguo za wateja zilizosubiri kuchukuliwa, na mteja aliyelipa alinyooshewa mkono kutoka nyuma ya pazia, akapewa furushi lake, asijue limetoka wapi.

Mkewe Pasi ndiye aliyekunja nguo na kuzipeleka kwa wenyewe. Alikuwa mwanamke mcheshi, mwepesi wa kucheka, ingawa kicheko kilikuwa kimepungua tangu watu waanze kumtazama tumbo kila anapopita. Ndoa ilikuwa imekaa muda wa kutosha kwa majirani kuhoji. Asubuhi ile aliiona chupi moja imeanikwa peke yake pembeni ya kamba, akaifanya utani. Mwalimu mmoja aliyefika kufuata mashati yake meupe akadakia, akasema Pasi sasa amejiajiri, mteja wake wa kwanza ni yeye mwenyewe. Walicheka wote watatu. Pasi alicheka kuliko wote, kisha akashika ukingo wa meza.

Mama Dobi alikuwa mlangoni. Aliuona ule mkono kwenye meza. Halafu mwanawe alipokwenda kuchukua makaa ya pasi, akauona mwendo: mguu wa kushoto umetupwa nje kidogo, mkono mmoja umezama mfukoni, umeinua kitu. Mwendo ule aliujua. Uliwahi kupita humo ndani, juu ya sakafu ileile.

*

Ugonjwa ulikuwa umeanza kama unavyoanza kwa wengi, kwa mkojo kuunguza. Pasi alikwenda duka la dawa, akasubiri wanawake waondoke, akamnong'oneza muuzaji, akapewa vidonge. Alivinywa hadi maumivu yalipotulia, halafu vilivyobaki akavificha juu ya dari, kwa kuwa mtu mzima haachi dawa nzuri iishe bure. Baada ya hapo upande wa kushoto wa korodani ukaanza kuvimba. Homa ilimpanda jioni na kumshuka asubuhi. Alijikaza kisabuni, akaendelea kupiga pasi.

Sasa hapa ndipo udobi wake ulipomponza. Dobi anajua dawa moja ya kila kilichojikunja au kilichovimba: kitambaa chenye unyevu, na joto juu yake. Kwa njia hiyo alikuwa ameokoa makoti yaliyokatiwa tamaa na wenyewe. Mchana mmoja mkewe alipotoka na mafurushi, Pasi alilowesha kitambaa, akakipitishia pasi ya mkaa mpaka kikafuka, akakikunja, akaingia nacho nyuma ya pazia. Alirudia hivyo kila alipobaki peke yake. Mwanzoni alihisi nafuu. Kisha ngozi ikababuka.

Alipoona malengelenge alipata woga, akaenda zahanati. Njiani alitunga uongo wake, na ulikuwa uongo mzuri, wa kitaalamu kabisa: kazini, ndoo ya maji ya moto, ameteleza. Ni nani atakayemtilia shaka dobi aliyeungua? Tabibu alimtazama mara moja, akatikisa kichwa kwa huruma, akamwambia awe mwangalifu. Wekundu ni wa kuungua. Uvimbe ni wa kuungua. Maumivu je? Nani ataungua pale asiumie. Akampa mrija wa malhamu na vidonge vya kutuliza maumivu, na Pasi akarudi nyumbani ameridhika kwamba amekwenda hospitali kama watu wengine.

Malhamu ile ndiyo iliyochafua nguo. Na nguo hiyo ndiyo aliyokuwa akiifua.

*

Mama Dobi alimwendea mkwewe kwanza. Mambo hayo mama mkwe haongei na mke wa mwanawe kwa urahisi, kwa hiyo alizunguka, akauliza habari za usingizi, akauliza kama godoro limechoka. Mwishowe akauliza waziwazi kama mume anamgeuzia mgongo. Mwanamke yule, aliyekuwa akikunja shuka la mteja, aliendelea kulikunja mpaka likawa dogo kupita kiasi. Akasema mumewe analala ukingoni, akiguswa anaruka, na ameambiwa ni maji ya moto. Halafu akasema jambo alilokuwa amelimeza kwa majuma: kwamba yeye anajua ni mwanamke wa nje, na kwamba hamlaumu sana, maana mume asiyepata mtoto ndani atamtafuta nje.

"Si mwanamke," Mama Dobi alisema. "Afadhali angekuwa mwanamke."

Alikwenda chumba cha mbele. Pasi alikuwa amesimama kwenye meza, shati la mtu mbele yake, jasho limemjaa usoni. Mama yake alifunga mlango wa barabarani mchana kweupe, jambo ambalo halikuwahi kufanyika katika nyumba ile ila siku moja tu. Mkewe aliingia nyuma yake, akasimama.

"Mluzi hakufa kwa homa ya tumbo," Mama Dobi alisema.

Pasi hakuinua uso. Pasi ya mkaa ilikuwa imesimama juu ya mfuko wa shati.

"Kilianza kwa mkojo. Halafu kikavimba upande mmoja. Alinifuata uani siku moja, akaniomba chupi zake nimwachie mwenyewe. Nikamwachia. Nikasema ameshakuwa mkubwa, anataka kuoa, anajifunza adabu."

"Mama, wateja wanasubiri."

"Alikuwa ameshapeleka posa. Alisema wakwe wakisikia anaumwa huko, binti hawatampa. Akaniapisha. Akasema, nikipona utacheka na wajukuu, nisipopona waambie ni tumbo. Nikaapa. Nikamkanda kwa maji ya chumvi nyuma ya pazia hilo, na nikamlinda asionekane na mtu. Mluzi ulikatika kwanza. Baadaye homa ikamvaa mwili mzima, akawa haongei maneno yanayoeleweka. Nilipokimbilia gari, alikuwa amekwisha. Nawe ulikuwa safarini, ukakuta nimeshaosha kila kitu."

Harufu ya kitambaa kinachoungua ilianza kupanda. Mkewe Pasi alisogea, akaiondoa pasi juu ya shati. Alama ya kahawia ilikuwa imebaki pale, na hakuna aliyeijali.

Pasi alisema taratibu kwamba wakijua, watasema ni yeye asiyezaa. Muda wote huu walimsema mke wake, na yeye alinyamaza, na sasa watasema ni yeye.

"Acha waseme," mkewe alijibu. Sauti yake ilikuwa kavu. Alikuwa ameyabeba maneno hayo peke yake miaka yote ile, na moyoni aliona kwamba ingekuwa haki mtu amsaidie kuyabeba hata kwa siku moja. "Vaa viatu."

*

Katika hospitali kubwa daktari kijana alimgusa kidogo tu, akaacha, akauliza ni lini aliungua na kwa nini. Pasi alianza hadithi ya ndoo. Mkewe akamkatiza, akasimulia yote kuanzia mkojo, kwa kuwa njiani alikuwa amemkamua mumewe neno moja moja hadi likabaki ganda. Daktari akasema akitazama kwa macho anaona ngozi iliyoungua, na chini yake hajui kuna nini. Ni lazima apigwe altrasaundi, sasa hivi.

Benchi la mlango wa altrasaundi lilikuwa limejaa wajawazito. Pasi alisimama mbele yao ameshika karatasi yake, mguu mmoja umetupwa nje. Mlinzi akamwambia kwa upole kwamba kina baba wanaosindikiza hukaa nje, chini ya mti, wake zao wakimaliza wataitwa.

"Mimi ndiye mgonjwa," Pasi alisema.

Mlinzi hakusikia, akarudia habari ya mti. Pasi naye ikabidi arudie, mara hii kwa sauti, na mazungumzo ya benchini yakakatika. Wanawake walimtazama tumbo, kisha wakatazama chini, kisha wakatazama ukutani. Mmoja aliyekaribia kujifungua alijisogeza kwa taabu, akampigia benchi kwa kiganja, hapa kaka, kaa. Pasi akaketi upande mmoja wa kiuno, katikati ya matumbo yale. Mkewe alisimama pembeni akitazama mikono yake mwenyewe. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika kwenye benchi lile, na hakuwa amelifikia kwa njia aliyoiota.

Mpimaji alikuwa mwanamke wa makamo ambaye wagonjwa walimwita Mama Picha. Alimwingiza Pasi na mkewe, akarudisha mlango, lakini kitasa kilikuwa kibovu na mlango ukabaki wazi kidogo. Mama Dobi, aliyekuja nao, alikaa benchini, mahali mwanawe alipotoka.

Ndani, Pasi alilala chali, ametandikiwa taulo, ametazama dari. Kitu cha baridi, kizito kama wanga wa kola, kilipakwa juu ya ngozi yake, na mwanamke asiyemjua akaanza kupitisha kifaa taratibu, bila kubonyeza. Hakutania wala hakumhurumia. Alianza na upande mzima, wa kulia. Kwenye kioo ilionekana duara la kijivu, laini, la sawasawa. Aligusa kitufe, na juu ya kijivu vikawaka vidoa vyekundu na vya buluu, vinakuja na kupotea. Alimweleza mkewe kwamba ile ni damu inayotembea. Kisha akafungulia sauti.

Nje, Mama Dobi aliisikia. Fuu, fuu, fuu, kama nguo nzito inayopigwa jiweni mbali. Aliuliza ni nini, na yule mjamzito aliyekuwa jirani yake akatabasamu, akamwambia ni damu. Na sisi watoto wetu wanasikika hivyohivyo, alisema.

Halafu kifaa kikahamia kushoto. Kwanza kwenye ule mrija uliolala mgongoni mwa korodani, uliokuwa umevimba, na rangi zikajaa pembeni yake kwa fujo. Kisha katikati. Hapo palikuwa na shimo jeusi lenye vitu vilivyoelea, na kulizunguka, kijivu kilichochakaa, chenye mabaka. Mama Picha aligusa kitufe cha rangi. Hakuna kilichowaka. Akabadilisha mkao, akagusa tena, akasubiri. Mkewe Pasi alisubiri pia, amekaza macho kwenye kioo, akiomba hata kidoa kimoja. Spika ilikuwa imefunguliwa, na hakuna kilichosikika.

Benchini, Mama Dobi aliinamisha kichwa kuelekea mlango. Ukimya ule haukuwa mgeni kwake. Aliwahi kukaa ndani yake nyuma ya pazia, mluzi ulipokatika, akausingizia uchovu.

*

Daktari alizungumza nao wote watatu kwa sababu hakuna aliyetaka kutoka. Aliwaonyesha picha. Maambukizi yalianzia kwenye njia ya mkojo, yakapanda kwenye mrija, yakaingia korodani yenyewe. Jipu likaota ndani na uvimbe ukabana mishipa mpaka damu ikashindwa kupita. Korodani ya kushoto imekufa. Ikiachwa, sumu itaingia kwenye damu, na hapo hapatakuwa na la kujadili. Itatolewa leo. Angekuja mwanzoni, dawa zingetosha, kama angezimaliza. Akasema pia kwamba maambukizi ya namna hii huweza kupita kati ya mume na mke, kwa hiyo mke naye apimwe na atibiwe. Mkewe Pasi alimtazama mumewe. Pasi alitazama sakafu. Swali hilo walirudi nalo nyumbani, na likakaa nao muda mrefu.

"Nitapata mtoto?" Pasi aliuliza. Ndilo lilikuwa swali lake tangu ndoo ya kwanza, na ndilo alilolifichia ugonjwa wote.

"Ya kulia ina damu," daktari alisema. "Moja inatosha ikiwa nzima. Lakini ugonjwa huu huweza kuziba njia hata upande wa pili, na sijui umekaa humo kwa muda gani. Pona kwanza, tutakupima. Siwezi kukuahidi."

Walimpeleka chumba cha upasuaji. Mkewe alikwenda kutafuta dawa zilizoandikwa. Mama Dobi alibaki kwenye lile benchi, ambalo sasa lilikuwa tupu. Mama Picha alitoka na kikombe chake cha chai, akaketi karibu naye kupumzisha miguu, akamwambia mwanao ana bahati, wengi hufika wakiwa wamebebwa.

Mama Dobi alishukuru. Kisha akauliza, "Hiyo mashine ni mpya?"

"Mpya?" Mama Picha alicheka. "Mimi mwenyewe niliikuta hapahapa."

"Mwaka ule daraja lilipovunjika, ilikuwepo?"

"Ilikuwepo. Tena mwaka ule haikuwa na kazi. Wagonjwa wa ng'ambo walikatika, huku hawakuja wengi. Ilikaa imefunikwa shuka, nami nikawa nafuma masweta ya wanangu humo ndani mpaka saa ya kutoka."

Mama Dobi hakukaa ng'ambo ya daraja. Alikaa upande huu, mwendo wa kwenda na furushi kichwani na kurudi kabla nguo hazijakauka. Alishusha pumzi. Mama Picha aliendelea kuzungumza juu ya sweta moja lililomtoka vibaya mikono, na Mama Dobi alimsikiliza mpaka mwisho, akaitikia panapostahili.

*

Pasi alirudi nyumbani akiwa amepungua mwili, mwendo wake wa tahadhari, lakini mikono yote miwili iko nje ya mifuko. Mama yake alimtaka avuke chumba, kisha arudi. Alivuka, akarudi. Siku ya kufua nguo za familia alimfuata kitandani, akanyoosha mkono, akasema alete hizo. Pasi alisita, akavuta chupi yake yenye doa la damu kutoka chini ya mto, akampa. Ikaingia kwenye beseni la bati pamoja na nguo nyingine.

Wageni walikuja kumpa pole. Walijaa chumba cha mbele, wamesimama kati ya meza na pazia, na yule mwalimu wa mashati meupe alikuwamo. Mmoja aliuliza hasa lilikuwa tatizo gani. Mkewe Pasi alifungua mdomo, na neno lililomjia ni lilelile la nyumba hiyo, tumbo. Mama Dobi alimtangulia.

"Korodani," alisema. "Iliota jipu, ikafa, imetolewa. Na kaka yake, hicho ndicho kilichomuua. Niliwadanganya. Halikuwa tumbo."

Kikohozi kilisikika. Wanaume walitazama paa, wakatazama saa, na muda si mrefu kila mmoja alikuwa amekumbuka pa kwenda. Pasi aliona aibu ikimpanda usoni mpaka masikioni. Alidhani angekufa nayo, lakini aliketi palepale na ikapita. Mkewe alikuwa amemshika bega mbele za watu.

Mwalimu alibaki. Alisema anasubiri shati lake. Mama Dobi akamweleza kwamba liliungua mfukoni na watamlipa, akasema si kitu, lakini hakuondoka. Alizunguka meza, akaishika pasi iliyopoa, akairudisha. Hakuwa na utani siku hiyo.

"Hiyo mashine," aliuliza chini kwa chini, "iko mlango gani?"

Mama Dobi alimtazama usoni, kisha akashusha macho hadi kwenye mkono wake mmoja, uliokuwa umezama mfukoni.

"Wa mwisho, baada ya famasi," alisema. "Utakuta benchi la wajawazito. Mlinzi atakutuma chini ya mti. Usiende. Kaa nao hapohapo benchini."

Mwalimu alishukuru, akatoka. Mama Dobi alisimama nyuma ya mlango, ameegemeza sikio, akazisikiliza hatua zake juu ya changarawe: moja nzito, moja nyepesi, moja nzito, moja nyepesi, hadi kona. Alizijua hatua hizo. Aliingia nyuma ya pazia la kijani, akayaondoa mafurushi ya watu juu ya kitanda cha mwanawe, akaketi juu yake kwa mara ya kwanza tangu mwaka wa daraja, na akalia kwa sauti.